Mtangazaji wa mechi na mwendesha kipindi cha maoni: mtu mmoja, wawili, au mmoja kwa masharti?

Tangu Pamba Jiji iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya kusota madaraja ya chini kwa zaidi ya miaka 20, redio za Mwanza zimepata tena timu ya nyumbani ya kutangaza na ya kubishania. Hali hii tuliwahi kuionja. Toto Africans ilipanda na kushuka. Mbao FC ilipanda mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1. Alliance ikaja, ikapita. Na kila timu inapopanda, jambo lile lile hutokea kwenye vyumba vya habari vya mji huu: mtu anayetangaza mechi Kirumba Jumamosi ndiye anayepewa pia kipindi cha maoni Jumatatu jioni, simu zikiwa wazi, kuamua nani alaumiwe, kocha abaki au aondoke, refa alikosea au alikuwa na lake.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni meneja wa vipindi anayepanga msimu akiwa na watu wachache na bajeti iliyobana. Wa pili ni kijana aliyemaliza uandishi wa habari, SAUT pale Malimbe au kwingine, ambaye wiki ya kwanza kazini amekabidhiwa vipindi vyote viwili na amefurahi sana. Njia ziko tatu. Nitaeleza kila moja inaleta nini na inagharimu nini, na ninayoipendelea sitaificha.

Kazi zenyewe zinavyotofautiana

Kutangaza mechi redioni ni kumwazima mtu macho yako. Mvuvi wa dagaa kule Ukerewe anayesubiri giza liingie awashe taa, mama anayepanga nyanya Buhongwa, dereva wa daladala ya Igoma: hawa hawana picha. Wanachokijua kuhusu dakika ya 70 ni kile tu ulichowaambia.

Chukua tukio moja. Mshambuliaji wa wageni anaingia kwenye boksi la Pamba, beki ananyoosha mguu, mtu yuko chini. Mtangazaji mmoja atasema: "Anaingia, beki anaupata mpira, mshambuliaji yuko chini, refa anasema cheza." Mwingine atasema: "Anaingia, anapigwa, chini! Refa anatazama pembeni, jamani!" Wote wawili wameona kitu kimoja kwa sekunde moja. Aliyesikia ya kwanza ataendelea kupanga nyanya zake. Aliyesikia ya pili ataamini hadi kesho kwamba mechi ilichezeshwa ovyo.

Sasa ongeza jambo moja. Mtangazaji huyu wa pili, siku tano kabla, alikaa studio saa nzima akisema refa huyo hafai na kamati imwondoe. Jumamosi refa yuko uwanjani, na yeye ndiye macho yetu. Hata awe mwaminifu kiasi gani, kila uamuzi wa refa huyo unakuja kwake kama ushahidi katika kesi aliyoifungua mwenyewe. Pale mwaloni hakuna mwenye samaki anayependa mnunuzi ndiye ashike mizani, hata kama mnunuzi huyo ni mtu wa dini.

Kipindi cha maoni kinadai kitu tofauti kabisa. Kinadai msimamo. Mwendeshaji asiye na msimamo anachosha, na simu hazilii. Anatakiwa achokoze, atetee, abishiwe, na ikibidi aseme kwamba uongozi wa klabu umeshindwa kazi. Hiyo ni kazi halali na inahitajika. Klabu zetu zisipoulizwa hadharani hazijibu. Tatizo halianzi kwenye maoni. Linaanza pale mtoa maoni anapohitaji, kesho yake, kibali cha yule aliyemsema ili aweze kufanya kazi yake ya pili.

Njia ya kwanza: mtu mmoja, kazi zote mbili

Tuitendee haki, kwa sababu haikuzuka kwa uvivu. Redio nyingi za kanda hii haziwezi kulipa mishahara miwili ya michezo. Mtu mmoja aliyekuwa uwanjani ana uzito anapozungumza Jumatatu, hakusimuliwa, aliona. Wasikilizaji wanamfuata mtu zaidi ya wanavyofuata kituo, na sauti waliyoizoea inavuta wadhamini. Kijana naye anajifunza haraka, maana anaona mchezo kutoka pande mbili.

Na si jambo la kwetu peke yetu. New York, Michael Kay ametangaza mechi za Yankees, timu ya besiboli, kwenye runinga ya YES tangu 2002, runinga ambayo Yankees wenyewe wana hisa, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa pia na kipindi chake cha mazungumzo ya michezo kwenye redio ya ESPN ya mji huo. Ila msikilizaji wa New York alijua kiti kile cha runinga ni cha nani. Anaposikia Yankees wanatetewa, anajua apunguze kiasi gani.

Kwetu kiasi hicho cha kupunguza hakijulikani, na hapo ndipo njia hii inaponitia wasiwasi. Watu wengi wakisikia mgongano wa maslahi wanafikiria bahasha. Wanafikiria mtangazaji aliyepewa chochote ili asifie. Bahasha zipo, na Baraza la Habari Tanzania limekuwa likizikemea katika kanuni zake za maadili. Lakini kwa nilivyoiona kazi hii, hasara kubwa haimo katika kinachosemwa. Imo katika kisichosemwa.

Fikiria mechi za ugenini. Pamba inakwenda Mbeya, au kwa Namungo kule Ruangwa. Redio haina nauli ya kumpeleka mtu umbali huo, wala ya kumlaza hoteli. Klabu inasema: panda basi letu, kiti kipo. Mtangazaji anapanda. Anakula na wachezaji, analala hoteli yao, anasikia kila kitu. Anapata kikosi kinachoanza kabla ya wengine, anajua nani ana maumivu ya goti, anajua nani hajalipwa. Hii ni hazina kwa mwandishi yeyote. Ila amepewa na watu ambao wanaweza kuichukua wakati wowote kwa kusema tu kwamba safari ijayo basi limejaa.

Nilifanya kazi jirani na mtangazaji mmoja hodari, mwenye sauti ambayo ukiisikia huzimi redio. Timu aliyokuwa akisafiri nayo ilikuwa na miezi ya mishahara iliyochelewa. Wachezaji walimwambia wenyewe, wengine huku wakimwomba aisemee, maana walikuwa na familia. Jumatatu akaingia studio. Timu ilikuwa imefungwa vibaya, simu zinalia, watu wanauliza vijana wana nini. Kipindi kizima alizungumza kuhusu mfumo wa kocha, kwamba viungo wawili wa kukaba hawatoshi. Hakusema uongo hata sentensi moja. Mfumo ulikuwa na kasoro kweli. Lakini yeye alijua vijana wana nini, na mji mzima ulibaki ukimlaumu kocha. Wiki chache baadaye kocha akaondoka. Mishahara ikabaki ilivyo.

Sikuona mtu mbaya pale. Niliona mtu ambaye kazi yake ya Jumamosi ilikuwa imeshika koo la kazi yake ya Jumatatu. Hakuna aliyemtishia. Hakuhitaji kutishiwa, alijua basi linaondoka Alhamisi.

Hili ndilo jambo ninaloomba meneja alipime kabla ya mengine yote. Msikilizaji anaweza kugundua upendeleo, kwa sababu upendeleo una sauti. Atapiga simu, atakuita Yanga, atakuita Simba, mtabishana, yataisha. Ukimya hawezi kuugundua. Hajui kuna kitu hakijasemwa.

Yapo na mengine yanayoning'inia kwenye njia hii, nayataja kwa kifupi. Mtangazaji maarufu huitwa kuwa mshereheshaji wa uzinduzi wa jezi au chakula cha jioni cha klabu, kwa malipo. Kipindi chake kinadhaminiwa na kampuni ya kubeti, na yeye mwenyewe anasoma odi za mechi ambayo baada ya saa mbili ataitangaza. Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza wachezaji, waamuzi na viongozi kubeti mpira, mtangazaji hazimgusi. Kama ana mkeka wake mfukoni, hakuna kanuni ya mpira inayomlazimisha kutuambia.

Njia ya pili: watu wawili, kazi mbili

Mmoja anatangaza mechi na kuripoti. Mwingine anaendesha kipindi cha maoni, na wala hana shida na basi la timu kwa sababu halipandi.

Faida yake ya kwanza ni ile niliyoieleza kwa kinyume chake: yupo mtu studio ambaye klabu haina cha kumnyima. Faida ya pili watu hawaitarajii. Kipindi chenyewe kinakuwa kizuri zaidi. Mwendeshaji anampigia mtangazaji wa mechi na kumhoji kama shahidi: ulikuwa pale, beki aliugusa mpira au hakuugusa? Kocha alipomtoa nahodha, nahodha alifanya nini? Mtangazaji anajibu alichokiona, basi. Halazimiki kutetea msimamo wa wiki iliyopita kwa sababu hana. Msikilizaji anasikia tofauti kati ya taarifa na maoni bila kuhubiriwa, kwa kuwa zinatoka kwenye vinywa viwili.

Gharama ya wazi ni mshahara wa pili. Gharama isiyo wazi ni kwamba mtu wa maoni asiyefika uwanjani huharibika upesi. Anaanza kuishi kwa vipande vya video na vichwa vya habari vya mitandaoni. Anakuwa mkali kuliko anavyojua. Nimesikia vipindi vya namna hiyo, kelele nyingi, na mwendeshaji hamjui hata beki wa kushoto wa timu anayoitukana. Ukichagua njia hii, mpe mtu wako wa maoni tiketi, akae jukwaani Kirumba na watu wengine, alipe kiingilio kama wao. Hahitaji chumba cha kubadilishia nguo. Anahitaji kuona mpira.

Na kutenganisha watu hakusaidii kitu kama mlipaji ni yule yule. Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Baltimore, Marekani. Julai 2023, Kevin Brown, mtangazaji wa mechi za Orioles, timu ya besiboli ya mji huo, alisema hewani kwamba timu hiyo ilikuwa na rekodi mbaya miaka ya nyuma kwenye uwanja wa Tampa Bay, na kwamba mwaka huo mambo yamebadilika. Ilikuwa sifa. Ilikuwa pia kweli, na takwimu zilikuwa zimeandaliwa na klabu yenyewe. Runinga iliyokuwa ikionyesha mechi hizo, ambayo Orioles ndio waliokuwa na hisa nyingi, ikamweka kando hadi Agosti. Brown hakuwa ametoa maoni yoyote. Alitaja rekodi.

Kwetu mlipaji hujificha vizuri zaidi. Pamba Jiji ni ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Halmashauri hiyo hiyo hununua matangazo redioni: usafi, chanjo, minada. Kwa hiyo meneja anaweza kuwa na watu wawili safi kabisa, mmoja uwanjani na mmoja studio, na bado mtu wa idara ya masoko akaingia saa kumi jioni kusema, "Leo tupunguze kidogo habari za uongozi wa timu." Hapo aliyegongana na maslahi ni kituo kizima. Hakuna mpangilio wa viti utakaoponya hilo isipokuwa meneja kukubaliana na mwenye kituo, mapema, kwamba mtu wa masoko haingii studio siku ya kipindi.

Njia ya tatu: mtu mmoja, kwa masharti

Hii ndiyo njia ya wenye uwezo mdogo na nia njema, na nadhani ndiyo itakayowafaa wengi kando ya ziwa hili. Mtu anabaki mmoja, ila mipaka inaandikwa.

Mfano mkubwa wa kisasa ni Tom Brady, nyota mstaafu wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 2024 alianza kazi ya uchambuzi wa mechi kwenye runinga ya Fox, na Oktoba mwaka huo akaidhinishwa kuwa mmoja wa wamiliki wa timu ya Las Vegas Raiders. NFL, ligi ya mchezo huo, haikumfukuza kwenye runinga. Ilimfungia milango: haingii kwenye vituo vya timu nyingine, haangalii mazoezi yao, hakai kwenye vikao vya matayarisho ambako makocha huwafungukia watangazaji, na haruhusiwi kuwakosoa waamuzi hadharani. Utaona walichokilenga. Hawakuhangaika sana na anachosema. Walihangaika na anachojua na amekijuaje. Msimu wa 2025 walimlegezea, akaruhusiwa kushiriki vikao hivyo kwa mbali, kwa mtandao. Na hapo ndipo udhaifu wa njia hii unapoonekana: masharti yakiwa makali yanamnyima mtangazaji chakula cha kazi yake, na yakiumiza sana yanalegezwa.

Kwa redio ya Mwanza, masharti ambayo nimeona yanashikika ni machache. Safari ya ugenini inalipwa na kituo; kama kituo hakina nauli, mechi hiyo inafuatiliwa kwa simu na mwandishi wa mkoa husika, na tunawaambia wasikilizaji hivyo. Hili litauma, lakini ndilo lenye thamani kuliko yote. Kama haliwezekani kabisa, basi kila tangazo la mechi hiyo na kila kipindi cha wiki hiyo kifunguliwe kwa sentensi moja: mtangazaji wetu alisafiri kwa gharama za klabu. Sentensi hiyo haichukui hata sekunde tano. Nimeona watu wazima wakiikataa kana kwamba wameambiwa wavue nguo, na kukataa kwao kunaonyesha ina nguvu.

Kazi za ushereheshaji za klabu inayotangazwa, hapana. Mkeka kwenye ligi anayoitangaza, hapana, na odi asome mtu mwingine. Na kwenye kipindi cha maoni, sehemu inayohusu mechi aliyoitangaza mwenyewe iongozwe na mwenzake, hata awe mtangazaji wa taarabu au wa kilimo, naye akae upande wa mgeni ajibu maswali. Hii inashangaza inavyofanya kazi. Mtangazaji wa kilimo anauliza maswali ambayo mtu wa mpira anaona aibu kuyauliza. "Hao wachezaji wamelipwa?" Ni swali la kawaida kabisa kwa mtu anayeshinda akizungumzia bei ya pamba na mbolea.

Masharti yasiyotajwa hewani hayana maana. Pat McAfee, mwendesha kipindi wa Marekani, alikuwa akimhoji mchezaji wa NFL Aaron Rodgers kila wiki kwa misimu kadhaa, na watu wakiyachukulia kama mazungumzo ya marafiki. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba Rodgers alikuwa akilipwa, na McAfee mwenyewe akathibitisha, zaidi ya dola milioni 1. Mahojiano yalikuwa yale yale, ila wasikilizaji walikuwa wanakosa kipande cha habari ambacho kingebadilisha wanavyoyasikiliza.

Vipi kuhusu migongano mikubwa kuliko hii?

Kuna atakayesema: unamsumbua kijana wa redio ya Mwanza wakati Azam Media, walioingia mkataba wa miaka 10 na TFF mwaka 2021 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha ligi, ni kampuni ya kundi lile lile la Bakhresa lenye Azam FC, bingwa wa msimu wa 2013/14. Ni hoja ya haki. Jibu langu ni kwamba pale jina lenyewe ni tangazo. Anayefungua runinga anaona neno lile lile kwenye jezi na kwenye skrini, na anasikiliza akijua. Anaweza kulalamika, na hulalamika. Vivyo hivyo wasemaji wa klabu. Haji Manara alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2021 mashabiki waligawanyika, lakini hakuna aliyedanganywa. Kila mtu alijua jana alikuwa anamsemea nani na leo anamsemea nani.

Aliyepanda basi la timu na kurudi kukaa kwenye kiti cha maoni hana jezi inayomtambulisha. Ndiyo maana namsumbua.

Kwa kijana mwenyewe

Najua unavyofikiri. Njia ya wengi waliokutangulia ilianzia kwenye kipaza sauti ikaishia klabuni. Ahmed Ally alitoka Azam TV kwenda kuwa msemaji wa Simba mwaka 2022. Ally Kamwe alikuwa mchambuzi kabla ya kuwa msemaji wa Yanga. Hakuna kosa lolote katika hilo. Ni ajira, na wanaifanya mchana kweupe. Ila wewe unayetamani kufuata njia hiyo, elewa kwamba kutamani kwenyewe ni maslahi. Kama moyoni unasubiri simu ya klabu fulani, kipindi cha maoni kuhusu klabu hiyo kitakushinda hata kabla simu haijaja. Usipewe kiti hicho. Omba mechi.

Na ukilazimishwa kubaki na kimoja kati ya viwili bila kujali ndoto zako, bado ningesema shika mechi. Maoni yanaweza kusubiri hadi uwe na jina ambalo klabu haiwezi kulinyima kiti. Kutangaza mechi kunakufundisha kusema ulichokiona kabla hujasema unachokifikiri, na wapo watu wa maoni waliokaa studio miaka mingi ambao hatua hiyo waliiruka na inasikika.

Uchague ipi

Kama kituo chako kinatangaza mechi za timu ya nyumbani moja kwa moja, nenda njia ya pili. Usiseme huna mshahara wa pili kabla hujahesabu unachokipata kwa wadhamini wa vipindi hivyo viwili. Mara nyingi mshahara upo, umeingia kwenye kitu kingine. Mtu wa maoni si lazima awe mwajiriwa wa kudumu. Mwalimu wa michezo, mchezaji mstaafu, mwandishi wa gazeti anayelipwa kwa kipindi, wote wanafaa, ilimradi naye ataje hewani ana uhusiano gani na klabu ipi. Mchezaji mstaafu wa Pamba hatakuwa mtu wa kati, na asijifanye; aseme tu.

Kama kituo chako hakitangazi mechi, kinafanya taarifa za michezo na mjadala tu, mtu mmoja anatosha, kwa masharti ya njia ya tatu. Huna basi la kupanda, na sehemu kubwa ya hatari haipo.

Kama uko Sengerema, Geita au Bunda, una watu wanne kituo kizima, na mashindano ya ndondo, yale ya mitaani, ndiyo mpira wako mkubwa, njia ya kwanza haikwepeki, na sitakudanganya kwamba inakwepeka. Lakini ndondo zina wafadhili, wafadhili wana majina, na miaka ya uchaguzi baadhi yao ni wagombea. Mtangazaji anayelipwa na mfadhili wa kombe kutangaza fainali, kisha Jumatatu anaendesha mjadala ambao mfadhili huyo ni mgeni wa heshima, ametoka kwenye mpira na kuingia kwenye kampeni. Hapo hata kituo cha watu wanne kinaweza kufanya jambo moja: Jumatatu hiyo mjadala uendeshwe na meneja mwenyewe.

Sheria haitakuamulia. TCRA inasimamia maudhui, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka mambo ya ithibati kwa waandishi, Baraza la Habari lina maadili yake; vyote hivyo havikupangii nani akae kiti gani Jumatatu jioni. Kazi hiyo ni ya meneja, kabla msimu haujaanza, maana msimu ukishaanza kila pendekezo litaonekana ni adhabu kwa mtu fulani.

Na hata ukichagua njia ya kwanza au ya tatu kwa msimu mzima, weka kando siku mbili: Simba anapokuja Mwanza, na Yanga anapokuja. Siku hizo Kirumba inajaa na mji unagawanyika katikati, hata ndani ya nyumba moja, na mashabiki wa Pamba wengi wana timu nyingine ya Kariakoo mioyoni mwao. Kubeti kunapanda. Viongozi wa klabu zote mbili wanatafuta redio za mji kuanzia Alhamisi. Wiki hizo mbili, anayetangaza asiguse kabisa kipindi cha maoni, si kama mwendeshaji wala kama mgeni, hadi Jumatano baada ya mechi. Mtafute mtu wa kumshikia kiti mapema, na umlipe.